Vitabu vya Watoto vyenye Habari za Uchawi

Somo la mwezi huu tumeliandika kwa sababu ya maswali yenu. Kutoka Tukuyu mjini na Manow na Mwakaleli, hata kutoka Kyela kule bondeni, tumeulizwa neno moja kwa njia nyingi. Mtoto amerudi likizo kutoka shule ya bweni, na sandukuni mwake mna kitabu kinene cha Kiingereza, na juu ya jalada pana picha ya kijana mwenye miwani na kifimbo mkononi. Mzazi akiuliza kitabu chasema nini, mtoto hujibu bila kuficha kwamba ni habari za shule ya wachawi. Hapo nyumba yote hunyamaza. Je, kitabu kiachwe, ama kitiwe mekoni pamoja na kuni?

Yafaa kwanza tukijue kitabu chenyewe. Maana wengi wa hao wanaokilaumu, na wengi wa hao wanaokisifu pia, hawajakifungua kamwe. Wameona sinema zake tu, ambazo zilitolewa nane kati ya mwaka 2001 na 2011. Vitabu ni saba. Mtungaji ni mama wa Kiingereza, J. K. Rowling. Cha kwanza kilitolewa mwaka 1997 na cha saba mwaka 2007; vimefasiriwa katika lugha zaidi ya 80, na nakala zilizouzwa zimepita milioni 600. Hadithi ni ya mtoto yatima, Harry Potter. Baba yake na mama yake waliuawa alipokuwa angali mchanga, akalelewa nyumbani kwa dada ya mamaye, nako alilazwa katika kijichumba chini ya ngazi na kuvikwa nguo zilizokwisha kuvaliwa na mtoto wa nyumba. Alipotimiza miaka 11 ililetwa barua ya kumwita shuleni Hogwarts, ambako watoto waliozaliwa na nguvu za ajabu hufundishwa jinsi ya kuzitumia. Anaye adui, jina lake Voldemort, ndiye aliyewaua wazazi wake; na tamaa yake huyo ni moja tu, asife kamwe. Usiku ule wa mauaji mtoto hakufa, kwa kuwa mama yake alijitia kati yake na mauti. Mtu aliyepata kukaa na yatima katika kijiji chochote cha Rungwe hatauliza kwa nini watoto wakipenda kitabu hiki.

Sasa tutaje maoni yenu. Mwinjilisti mmoja atukumbusha Kumbukumbu la Torati 18, akisema kwamba yaliyo machukizo kwa Mungu hayawezi kuwa mchezo wa watoto, na ya kuwa mlango wa uchawi hufunguliwa kidogo kidogo. Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, asema kinyume: watoto wake watatu wamevisoma vyote saba, Kiingereza chao kimenyoka, wala hawakujaribu lolote ila kupanda fagio mara moja na kulivunja. Kijana wa sekondari auliza kwa nini hakuna aliyemkataza kusoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952, ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa nyani. Swali lake ni zuri. Lakini lililotusumbua kuliko yote ni la mzee mmoja wa kanisa. Yeye ataka kujua hivi: wamisionari walifika nchi hii mwaka 1891, Wamoravian Rungwe, na wenzao wa Berlin nao mwaka ule ule, wakawaambia babu zetu waache mambo ya uchawi. Leo wajukuu wa Wazungu wawauzia wajukuu wetu hadithi za uchawi kwa fedha nyingi. Je, ni nani aliyebadilika?

Wala si Rungwe tu. Huko Marekani, katika mji wa Alamogordo, mwezi wa Desemba 2001, mchungaji mmoja na watu wake walivichoma vitabu hivi hadharani. Huko Gdańsk, Poland, mwaka 2019, mapadre walifanya vivyo hivyo mbele ya kanisa, kisha yule aliyehusika akaomba radhi. Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 16, alimwandikia barua mama mmoja Mjerumani mwaka 2003, akimshukuru kwa kuwaonya watu juu ya hatari ya vitabu hivyo. Wakristo wengine wamevitetea. Wao huonyesha kwamba katika kitabu cha saba yako makaburi mawili yaliyoandikwa maneno ya Biblia, moja kutoka Mathayo 6:21 na la pili kutoka 1 Wakorintho 15:26. Na mtungaji mwenyewe alisema mwaka 2007 kwamba kwake yeye ulinganifu na imani ya Kikristo ulikuwa wazi tangu mwanzo.

Basi wenye hekima hawapatani. Na sisi twaona ya kuwa mashindano yao, hata yakiwa mazuri, hayaligusi neno lililo kubwa kwetu. Wao wabishana kama mtoto atatamani kuwa mchawi. Kwetu mtoto hatamani. Swali la kwetu ni jingine, nalo tutalifikia. Ila tuanze na Maandiko, kama ilivyo desturi ya somo hili.

Fungueni Kumbukumbu la Torati 18:10-12. Mkiyasoma majina ya watu waliokatazwa pale, mtaona kwamba kila mmoja ni mtu wa kutenda: huyu hutazama bao, huyu hutazama nyakati, huyu hupiga mafundo, huyu huwauliza wafu. Kila mmoja atafuta kwa njia ya siri neno ambalo Mungu hakumpa. Msimuliaji hamo. Wala hangeweza kuwamo, maana Biblia yenyewe husimulia: habari za mwanamke wa Endori katika 1 Samweli 28, habari za Simoni wa Samaria katika Matendo 8, habari za waganga wa Farao. Watoto wetu husomewa habari hizo Jumapili, wala hatujaona mtoto aliyetoka darasani akitafuta pepo wa Endori.

Tena fungueni Matendo 19:19, mahali wanapopapenda wenye kuchoma. Watu wa Efeso walivileta vitabu vyao, vikachomwa, na thamani yake ilihesabiwa vipande 50,000 vya fedha. Angalieni mambo mawili. Vitabu vile vilikuwa vya kufanyia kazi, vyenye maneno ya kutamka na majina ya kuita, wala si hadithi. Na kila mtu alileta cha kwake mwenyewe. Haikuandikwa kwamba Paulo alipekua sanduku la mtu. Kama mtu wa leo ataka kuwafuata Waefeso, aanze na hirizi iliyofungwa katika kona ya shuka lake, na ile chupa aliyopewa njiani usiku ili biashara yake ipate wateja.

Martin Luther naye, katika Katekisimo Ndogo, aliutaja uchawi, lakini hakuuweka chini ya Amri ya Kwanza peke yake kama tungalivyodhani. Autaja katika maelezo ya Amri ya Pili, kuhusu kulitumia vibaya jina la Mungu. Wainjilisti wafundishao kipaimara walijua neno hilo kwa moyo. Mtu alichukuaye jina la Mungu na kulifanya chombo cha kupata apendalo, huyo amekaribia uchawi kuliko mtoto asomaye hadithi ya kijana mwenye miwani. Na watu wa namna hiyo twawajua: asomaye Zaburi juu ya maji na kuyauza, na yule asimamaye mbele ya watu na kusema, kwa jina la Yesu, ya kwamba ameonyeshwa nani katika ukoo amewafunga. Huyu wa pili ni wa hatari sana, nasi tutamrudia.

Sasa tulitazame neno lenyewe, mchawi. Hapa ndipo wafasiri na wazazi hujikwaa. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, wale watu waliotoka mashariki kumsujudia mtoto Yesu, katika Mathayo 2, huitwa kwa neno lile lile aitwalo Bar-Yesu, yule aliyempinga Paulo huko Kipro katika Matendo 13. Neno ni moja, magos. Wafasiri wetu wa Kiswahili walifanya busara: wa kwanza wakawaita mamajusi, wa pili wakamwita mchawi. Maana katika Kiswahili hakuna mchawi mwema. Mganga aweza kuwa mwema au mbaya, mtu wa mazingaombwe huchezea macho ya watu sokoni na kulipwa senti zake, lakini mchawi ni adui wa watu, hula nyama ya jirani, na jina hilo likimwangukia mtu halimwondoki hata akifa. Waingereza wanalo neno wanalolitia katika hadithi za watoto kwa kicheko. Sisi tukilifasiri kwa neno mchawi tumemwambia mtoto kitu ambacho mtungaji hakukisema. Mtoto asemaye mezani kwamba Harry ni mchawi mwema, bibi yake amsikiapo hushtuka kana kwamba amesikia habari za mwizi mwaminifu.

Kwa hiyo twamjibu yule mzee wa kanisa aliyeuliza ni nani aliyebadilika. Wazungu walibadilika, naam, lakini si kama adhaniavyo.

Kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilimalizwa katika mji wa Edinburgh, Uskochi. Karibu na ngome ya mji huo, juu ya kilima, ni mahali ambapo zamani watu walioitwa wachawi walinyongwa na maiti zao kuchomwa moto. Sheria ya kuua wachawi ilitungwa huko mwaka 1563, ikafutwa mwaka 1736. Katika miaka hiyo karibu watu 4,000 walishitakiwa, na yakadiriwa kwamba 2,500 waliuawa. Zaidi ya wanne katika kila watano walikuwa wanawake. Mfalme wao James, yeye ambaye baadaye aliagiza ile Biblia mashuhuri ya Kiingereza ya mwaka 1611, aliandika kwa mkono wake kitabu juu ya mashetani na wachawi, kikachapwa mwaka 1597. Mshitakiwa aliyekataa kukiri alinyimwa usingizi siku nyingi, akachomwa sindano mwilini ili ipatikane mahali pasipouma, ipate kusemwa kwamba hapo ndipo Shetani alipomtia alama.

Na ni nani aliyekusanya ushahidi? Wachungaji na wazee wa kanisa, wakiketi katika vikao vya usharika kama tuketivyo sisi. Tunaliandika hili kwa masikitiko, lakini lazima liandikwe. Wala si huko Uskochi tu. Katika Ulaya yote, kutoka karne ya 15 hadi ya 18, wenye elimu wakadiria kuwa waliouawa ni kati ya 40,000 na 60,000. Na hata Wittenberg, mji wa Luther, watu wanne waliuawa kwa neno hilo mwaka 1540, na mmoja wao alikuwa mama mtu mzima.

Moto ule ulizimika polepole. Mahakimu walianza kuuliza swali moja jepesi: nani aliona, na kwa macho gani? Jibu halikupatikana. Ndipo baada ya vizazi vingi mama mmoja akaweza kuketi katika mji ule ule na kuandika habari za fagio lirukalo, na watoto wakacheka, kwa sababu hakuna bibi hata mmoja huko Edinburgh atakayekufa kwa ajili ya kicheko hicho. Hata hivyo hesabu haikusahauliwa: mwezi wa Machi 2022 waziri mkuu wa Uskochi, Nicola Sturgeon, aliomba radhi rasmi bungeni kwa ajili ya wote waliohukumiwa, na mwezi wa Mei mwaka ule ule Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskochi nao ukaomba radhi kwa sehemu yake.

Basi mtoto wa Uingereza asomapo neno lile, nyuma yake pana moto uliokwisha zimika. Mtoto wa Rungwe asomapo, moto wake ungali unawaka. Hiyo ndiyo tofauti, wala rangi ya ngozi haimo.

Mambo yetu wenyewe tuyajue pia. Godfrey na Monica Wilson, wataalamu wa desturi za watu, walikaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, na Monica akayaandika mengi waliyoambiwa na wazee. Walisikia kwamba mlozi ana chatu tumboni mwake, ambaye huruka usiku na kuguguna matumbo ya watu waliolala na kunyonya viwele vya ng'ombe. Na sababu yake ni uchoyo wa nyama na maziwa. Aliyechinja ng'ombe asiwagawie jirani, huyo alijihatarisha. Lakini walisikia pia kwamba katika kila kijiji wapo walinzi, abamanga, waonao walozi katika ndoto na kupigana nao usiku. Na walinzi hao huwaona walozi kwa nini? Kwa sababu wao nao wana chatu. Nguvu ni ile ile moja. Aitumiaye kwa uchoyo ni mlozi, aitumiaye kwa kulinda ni mlinzi. Tena kulikuwa na pumzi ya watu, ubaridi uliomshika mkosaji kwa sababu majirani wote wamemnung'unikia, na wazee waliona kuwa hiyo ni haki.

Shauri likishindikana, watu walinyweshwa mwafi. Aliyetapika alikuwa safi. Asiyetapika alikuwa na hatia. Msomaji aulinganishe mwafi wa babu zetu na sindano ya Waskochi, aone kama vinapishana sana.

Ndipo twasema kosa la vitabu hivi, kwa msomaji wa nchi hii, halipo pale wanapolitafuta wenye kuchoma. Kosa ni kwamba vinafundisha, kitabu baada ya kitabu, kuwa dawa ya nguvu mbaya ni nguvu ile ile katika mkono mwema. Mtoto wa London aliona jambo hilo kuwa geni na tamu. Kwa mtoto wa Kinyakyusa si geni hata kidogo. Ni habari ya abamanga imevaa miwani. Na hiyo ndiyo hoja ya mpiga ramli wa leo: mimi nawaona wachawi kwa kuwa ninayo macho kama yao, basi nilipeni niwataje. Mwinjilisti wetu aliyeandika juu ya mlango ufunguliwao kidogo kidogo alikuwa na haki ya kuogopa, ila mlango wenyewe ni huu.

Huu si mchezo wa maneno. Katika Shinyanga na Mwanza, mama wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kutajwa tu, na alama yao wengine ilikuwa macho mekundu, ambayo ni kazi ya moshi wa mekoni. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo, hasa tangu mwaka 2007, kwa sababu mganga amemwahidi mtu utajiri. Katika mkoa wetu wa Mbeya, mwishoni mwa miaka ya 1990 na baadaye kidogo, watu waliuawa wakachunwa ngozi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto wadogo waliuawa Njombe, jirani zetu, na imani za ushirikina zikatajwa na serikali. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928 na imedumu baada ya Uhuru. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Mauaji hayakukoma kwa sheria hizo. Na katika taarifa ya shirika la Pew la Marekani iliyotolewa mwaka 2010, Watanzania walipoulizwa kama wanauamini uchawi, zaidi ya tisa katika kila kumi walikubali. Katika hao tisa wamo washarika wetu, na baadhi yao huketi kiti cha mbele.

Mtu asitusikie vibaya. Hatukuketi leo kupima nguvu za Shetani, kama ni nyingi au chache. Twasema tu kwamba hakuna mwanadamu aliyepewa macho ya kumtambua mchawi katika uso wa jirani yake. Na kila asemaye anayo, hata akiwa amevaa kola ya kichungaji, afuata njia ya mwafi na sindano.

Lakini sasa tuwe wa haki kwa mtungaji, maana kitabu chake cha pili, cha mwaka 1998, kina jambo ambalo hatukulitarajia, nalo ni la faida kubwa kwetu. Katika kitabu hicho yagunduliwa, mbele ya shule nzima, ya kuwa Harry aweza kusema na nyoka. Alimzuia nyoka asimwume mwenzake. Lakini wenzake hawakusikia maneno, walisikia sauti tu ya nyoka ikitoka kinywani mwa mtoto. Tangu siku hiyo wamwepuka. Kila mtoto apatikanaye amepooza, husemwa ni yeye. Wanaunganisha mambo: alikuwapo, alikasirika juzi, ana nyoka. Wala hakutenda hata moja. Mwenye hatia alikuwa kwingine kabisa, ambako hakuna aliyemshuku.

Someni sehemu hiyo huku mkikumbuka chatu wa tumboni. Mtoto wa Rungwe anaisoma kwa masikio ambayo mtungaji hakuyajua, na anaposoma amewekwa upande wa yule asingiziwaye. Huona jinsi uvumi unavyofanya kazi, jinsi ushahidi wa kila mmoja ulivyo mdogo na jumla yao ilivyo kubwa. Hatujui hadithi nyingi zilizo mikononi mwa vijana wetu ambazo hufanya hivyo.

Na katika kitabu cha saba ile hoja ya nguvu moja katika mikono miwili yavunjika, angalau kwa sehemu. Voldemort hashindwi na kifimbo kikubwa kuliko chake. Kijana aenda porini bila kujitetea, akikubali kuuawa ili wenzake wasife. Na baadaye, kifimbo chenye nguvu kuliko vyote kinapokuwa chake, akirudisha katika kaburi kilikotoka. Watetezi wa kitabu hupenda kulinganisha hayo na Injili. Sisi tungeenda polepole hapo. Kijana wa hadithi si Mwokozi, wala watoto wasifundishwe hivyo. Yatosha kwamba mtungaji, akiisha kuandika kurasa elfu kadha za vifimbo, alifika mwisho akavikuta havitoshi.

Basi maamuzi yetu ni haya, nanyi mwaweza kuyapima. Kitabu kisichomwe. Mtoto asiyefika darasa la tano asipewe, si kwa sababu ya uchawi bali kwa sababu vitabu vya mwisho vina mauaji mengi na huzuni nzito. Aliye mkubwa asome, lakini mzazi ajue anachosoma. Na mzazi asiyejua Kiingereza amwambie mtoto amsimulie jioni, sura kwa sura. Kwa njia hiyo tumeona akina baba ambao hawakuzungumza na watoto wao kwa miaka wakiuliza kama yule yatima amepata chakula. Katika kusimulia, mtoto asitumie neno mchawi kwa Harry na wenzake. Aseme watu wa ajabu, au watu wa vifimbo, au neno jingine atakalolibuni. Watoto ni hodari kwa kubuni majina kuliko sisi. Neno mchawi lisizoezwe kinywani kama jina la mchezo, maana siku moja litatoka kinywani hicho mtu akiwa amefiwa.

Kwa wainjilisti wenye madarasa ya vijana, twashauri somo moja kutoka kitabu cha pili. Mwalimu aisimulie ile habari ya nyoka kwa Kiswahili, au kwa Kinyakyusa kama wote wanakijua. Halafu asome 1 Wafalme 21, habari za Nabothi, jinsi mashahidi wawili walivyotosha kumwua mtu asiye na kosa. Kisha aulize mahakama ya Edinburgh ingelimfanyia nini Harry, na kikao cha mwafi kingelimfanyia nini. Vijana wataongea, awaache. Bila shaka mmoja atasema kwamba habari za zamani ni za zamani, lakini mama fulani wa kijijini kwao kweli ni mlozi, kila mtu ajua. Mwalimu asikemee. Jina asiliruhusu litajwe. Aulize tu: nani aliona, na kwa macho gani? Angoje jibu, hata kama kimya kitakuwa kirefu.

Mara nyingi mama huyo ni mjane, watoto wake wako Mbeya au Dar es Salaam, na ndizi zake zinaiva zisipate mtu wa kukata. Jumamosi ifuatayo mwalimu aende huko na darasa zima, na kila kijana achukue mzigo mmoja wa kuni. Wakikaribishwa chai, wainywe.